Kipa Mwinda Virusi

Kabla hajawa mtu wa maabara alikuwa mlinda mlango, tena si wa kubahatisha. Alikuwa kijana wa miraba minne, viganja vyake vipana kama sinia, na mpira ukishatua humo ulikuwa umefika nyumbani. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaa mzima ulimwita Kipa, na hata dada yake msusi, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, alikuwa akigonga mlango wa chumba chake asubuhi na kusema, "Kipa, chai inapoa."

Goti ndilo lililomtoa golini. Katika mechi moja alitoka kuufuata mpira wa kona, akaudaka juu kabisa, na alipokuwa akishuka daluga la mshambuliaji likamchana chini ya goti. Jeraha lenyewe halikuwa la kutisha. Alilifunga kitambaa, akamaliza mchezo, wakashinda, akarudi nyumbani akiimba. Wiki haikupita goti likavimba kama boga, na homa ikampanda hadi akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Dada yake akafunga saluni, akamkimbiza hospitali.

Hospitalini dawa ya kwanza ikagonga mwamba. Ya pili nayo vilevile. Madaktari walikuja kwa makundi, wakaliangalia goti, wakatazamana. Neno "kukata" lilitamkwa nje ya mlango kwa sauti ya chini, lakini mtu aliyezoea kusikia nyayo za mshambuliaji anayekuja kwa nyuma hakosi kusikia neno kama hilo. Kipa aligeukia ukutani, akalia kimyakimya ili dada yake asijue. Dada yake naye alitoka nje akalia kimyakimya ili mdogo wake asijue.

Usaha wa goti ulikuwa ukichukuliwa na mwanamke mmoja wa maabara, mtu mzima mchangamfu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Siku moja Kipa akamuuliza kinachomla ni kitu gani hasa. Mama yule hakumpa majibu ya kumpoza mgonjwa. Alimwambia akipata nguvu ya kukaa kwenye kiti cha magurudumu, asukumwe hadi maabara akajionee mwenyewe.

Kesho yake tu dada yake akamsukuma.

Kipa aliinamia hadubini, akafumba jicho moja, akafumbua, na kwa muda hakuona kitu ila kope zake mwenyewe. Kisha picha ikatulia. Kulikuwa na viduara vya zambarau, vimeshikana vichala vichala kama zabibu, vimejaa kila upande, vimenyamaza.

"Ndio hawa?" akauliza.

"Ndio hao," mama wa maabara akasema.

"Wadogo hivi?"

"Hao uliowaona nimewakuza mara elfu."

Kipa aliinua uso akamtazama dada yake. Miaka yote alikuwa amepambana na watu wenye vifua kama milango, na sasa amefungwa goli na mtu asiyeonekana. Angeweza kuogopa. Alichohisi badala yake, na hili alilisimulia mara nyingi baadaye, ni nywele za mikono kumsimama, kama zilivyokuwa zikisimama kila mwamuzi alipoweka mpira mahali pa penalti. Alitaka kujua huyu mpigaji ni nani, anapenda upande gani, udhaifu wake uko wapi.

Mama wa maabara akamwonyesha na sahani ya plastiki, ndogo ya kutosha kiganjani, iliyotandazwa kitu kama jeli. Juu yake bakteria wa goti lake walikuwa wameota wakawa utando wa rangi ya dhahabu iliyofifia, na juu ya utando kulikuwa na vipande vya karatasi vya duara, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Karibu na karatasi nyingi bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni bila wasiwasi. Lakini karatasi moja ilikuwa imezungukwa na duara safi, jeupe, kama uwanja uliofagiliwa.

"Hii," mama akasema, akiigonga sahani kwa ukucha. "Hii ndiyo watakayoanza kukupa leo."

Wakampa, na goti likapona. Lilibaki gumu, halikunjiki hadi mwisho, kwa hiyo golini hakurudi tena. Lakini mguu ulikuwa wake, na alitoka hospitali akiutembelea.

Watu walitegemea atanyong'onyea, kwa kuwa mpira ndio uliokuwa maisha yake. Timu ikamwalika akae kwenye benchi kama msaidizi wa kocha. Akakataa kwa upole, na tangu hapo hakutia mguu uwanjani. Alikuwa na jambo jingine linalomwasha. Jioni moja alimwambia dada yake kwamba anataka kwenda chuo akasomee vile vijidudu.

Dada yake alikuwa akimsuka mteja, na mikono haikusimama. "Wewe?" akasema. "Wewe uliyekuwa unaruka ukuta kila kipindi cha kemia?"

"Kemia nitairudia."

Mteja akacheka. Dada mtu hakucheka. Alimtazama mdogo wake kwenye kioo, kisha akasema kama kemia itarudiwa kweli, yeye hatakuwa na neno. Kipa akajikaza kisabuni. Alirudia mtihani wa kemia pamoja na watoto waliomfikia kifuani, akafaulu kwa alama ambazo hakuzitangaza, na mwaka uliofuata akaandikishwa chuoni kusomea stashahada ya mikrobiolojia.

Siku ya kwanza ya maabara glavu zikampasukia. Wakaleta boksi la zile kubwa kabisa, nazo zikapasuka, moja baada ya nyingine, huku darasa zima likihesabu kwa sauti. Mhadhiri wao alikuwa mzee mfupi mwenye mwendo wa kasi, ambaye wanafunzi walimwita Chemsha, kwa sababu jibu lake kwa kila shaka lilikuwa moja: chemsha kwanza, uliza baadaye. Chemsha akaagiza glavu za Kipa zitafutwe kwenye idara ya mifugo, na zikapatikana, za kijani, ndefu hadi kwenye kiwiko. Za watu wanaozalisha ng'ombe. Kipa akazivaa bila haya.

Mwenzake wa meza alikuwa msichana mwembamba, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Walimwita Sindano. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa ndogo tu: chovya kitanzi cha waya kwenye moto wa gesi, kiache kipoe, chota bakteria kidogo, wapakaze kwenye sahani, funika. Sahani za Sindano ziliota madoa ya duara yaliyopangika kama shanga. Sahani za Kipa ziliota kila kitu kinachoelea hewani. Ukungu mweusi, ukungu wa kijani, na siku moja kitu cha waridi chenye manyoya ambacho hata Chemsha alisimama kukistaajabia. Wenzake wakaanza kumwuliza bustani inaendeleaje.

Kipa alivumilia, lakini iliuma. Sindano ndiye aliyemtibu, tena kwa hasira.

"Tatizo lako unafunua sahani kama mtu anayefunua chungu kuonja mchuzi," alimwambia. "Si ulikuwa kipa wewe? Mshambuliaji akija peke yake mlikuwa mnafanya nini?"

"Unatoka unaziba pembe. Unamwachia nafasi ndogo."

"Sasa hewa ndiyo mshambuliaji. Ziba pembe."

Kipa akasimama na kitanzi mkononi kama mtu aliyefunuliwa siri ya ukoo. Tangu siku hiyo aliinua kifuniko upande mmoja tu, kiasi cha kupenyeza waya, kiganja chake kipana kikiwa paa juu ya sahani, na akafunga kabla hewa haijajua kumetokea nini. Ukungu ukakoma. Mwisho wa muhula Chemsha aliinyanyua sahani moja kwenye mwanga, akauliza ni ya nani, na alipoambiwa akaomba aambiwe tena.

Mwaka wa pili ndio uliokuja na jambo lenyewe. Asubuhi moja Chemsha aliingia darasani bila karatasi wala chaki, akasema bakteria nao wana wanaowala. Ni virusi, akaeleza, vidogo kuliko bakteria kama panya alivyo mdogo kwa tembo. Kirusi cha aina hiyo hutua juu ya bakteria, humchoma na kumwingizia vinasaba vyake, na bakteria yule badala ya kujitengeneza mwenyewe huanza kutengeneza virusi, mpaka anajaa, anapasuka, na virusi vinamwagika kumtafuta mwingine. Mtu havimgusi. Tena vinachagua: anayekula bakteria huyu hana habari na yule. Viko kila mahali, kwenye udongo, mito, mifereji, na vingi havijawahi kuonwa na mtu yeyote. Muhula huo kila meza ingewinda kirusi chake, na atakayekipata angekuwa binadamu wa kwanza kukijua, na angekipa jina.

Darasa likavuma. Mkono wa Kipa ulikuwa juu zamani.

"Na wale walionila goti, wana wa kuwala?"

"Wanao," Chemsha akasema. "Lakini wale siwapi wanafunzi wa mwaka wa pili, nisije nikafungwa. Nitawapa binamu yao mpole. Anaishi juu ya ngozi ya kila mmoja wenu hapa, anakula na kulala bure, na kwa kawaida hana neno na mtu. Ila nawaonya, mla wake ni mgumu kupatikana. Anayetaka kumaliza mapema achukue bakteria wa udongo."

Meza zote zikachukua bakteria wa udongo. Meza ya Kipa na Sindano ikachukua binamu mpole, kwa sababu Kipa alikuwa ameshatamka kabla Sindano hajamkanyaga mguu.

Wakaanza kuwinda. Njia ilikuwa hii: unaleta maji au udongo uliokorogwa majini, unazungusha kwenye mashine mpaka taka zitulie chini, unapitisha maji yaliyobaki kwenye chujio laini linalozuia hata bakteria, kisha unachanganya na bakteria wako ndani ya jeli ya vuguvugu na kumimina kwenye sahani. Usiku bakteria wanaota wanakuwa utando mzima. Kama majini kuna mlaji, kesho utaona matundu kwenye utando, safi kama madirisha, kila tundu ni mahali ambapo kirusi kimoja na uzao wake wamekula mpaka wakamaliza.

Meza nyingine zikapata matundu upesi. Kulikuwa na vigelegele kila kona. Meza ya Kipa ikaambulia patupu. Walijaribu udongo wa bustani ya chuo, maji ya mto, matope ya banda la kuku. Utando ulikuwa mzima, laini, bila hata kovu. Sindano akaacha kuzungumza naye isipokuwa kwa mambo ya kazi, na mambo ya kazi aliyazungumza kwa meno.

Jumamosi moja Kipa alikuwa saluni kwa dada yake, anakula karanga na kutazama watu wakioshwa vichwa. Povu linashuka, maji yanabeba mba na mafuta na nywele, yanaingia kwenye bomba. Akaacha kutafuna. Bakteria wao anaishi kwenye ngozi. Wao wamekuwa wakimtafutia mlaji kwenye matope na mito. Nani anakwenda baharini kuwinda swala? Simba yuko waliko swala, na swala wao wote wanapita kwenye bomba hili.

Alipiga magoti hapohapo chini ya sinki, mguu mmoja ukiwa umenyooka kwa sababu haukunjiki, akafungua bomba na kukinga maji kwenye chupa. Mteja mwenye povu kichwani akauliza kama fundi bomba hakupatikana. Dada yake akajibu kwa utulivu kwamba huyu si fundi, huyu ni msomi.

Jumatatu wakamimina. Jumanne Kipa akafungua kabati la joto, akatoa sahani, na moyo ukamruka. Hakukuwa na matundu. Hakukuwa na bakteria kabisa. Sahani nzima ilikuwa safi kama kioo kilichotoka kufutwa. Akapiga kelele, akambeba Sindano juu, Sindano akapiga kelele naye, na darasa likaja mbio. Chemsha akaja pia, akaitazama sahani, akainusa kwa mbali.

"Maji haya yametoka wapi?"

Kipa akamwambia. Chemsha akatikisa kichwa kwa huruma. Saluni wanatumia dawa za nywele, akasema, na rangi, na vya kuua chawa. Hii inaweza kuwa sumu tu. Namna ya kujua ni kuchukua tone la sahani hii, kulipunguza kwa maji mengi na kulimimina upya juu ya bakteria wengine: sumu ikipunguzwa huisha, lakini kirusi kikipata chakula huzaa. Wakafanya hivyo. Kesho yake utando ulikuwa umeota mzima, umenawiri, kama unawacheka.

Sindano alikaa kwenye kigoda chake, akaiangalia sahani ile. Kipa alitegemea maneno makali. Hayakuja.

"Wazo lako lakini lilikuwa zuri," alisema. "Ngozi ni sawa. Ni dawa ndizo zimetuharibia. Wapi watu wengi wanaoga kwa maji matupu?"

Kipa alikuwa na jibu lake, na alikaa nalo mdomoni kama mtu mwenye kijiko cha moto. Klabuni hawakuwahi kuwa na sabuni. Kila kocha aliahidi sabuni, na kila msimu sabuni haikuja. Timu nzima ilitoka mazoezini ikasimama chini ya mabomba ikijimwagia maji, na maji yote yalikusanyika kwenye mfereji mmoja wa saruji nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo. Tatizo ni kwamba tangu aondoke hakuwa ameukanyaga uwanja ule. Njia ya kwenda chuoni ilipita kando yake, naye kila siku alizunguka.

Akapiga moyo konde, akaenda jioni ya mazoezi, Sindano akimfuata na chupa kwenye mfuko. Lango lilikuwa lilelile, limechakaa zaidi. Kipa mpya alikuwa golini anaruka huku na huku, na Kipa akajikuta anamkadiria: anawahi kujirusha, ila miguu yake myepesi, atafika mbali. Alisubiri maumivu yaje. Yalikuja, yakapita, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshauona mfereji.

Kocha alimwona kwanza. Akasimamisha mazoezi, akaja na mikono imefunguka. "Nilijua," akasema. "Nilijua utarudi."

"Shikamoo kocha. Nimekuja kuchukua maji machafu."

Kocha akabaki na mikono hewani. Ikabidi Kipa aeleze, na wachezaji wote wakakusanyika kumsikiliza akizungumza juu ya virusi na ngozi na jasho, na kadiri alivyozidi kueleza ndivyo vicheko vilivyozidi. Beki mmoja wa zamani akamwuliza kama chuo kimefilisika kiasi cha kunywa maji ya miguu yao. Kipa akacheka nao. Kisha kocha akainua mkono.

"Maji ya jana yamekauka," akasema. "Huyu amefungia timu hii mlango misimu yote ile bila kulalamika. Kama anataka jasho, apewe jasho. Zungukeni uwanja."

Wakazungushwa uwanja mpaka ulimi nje, wakimtukana Kipa kwa upendo kila wanapompita. Baadaye wakaenda mabombani wote kwa pamoja, na Kipa na Sindano, waliogeukia upande wa pili kwa heshima, walikaa nyuma ya ukuta kwenye mfereji wakakinga maji ya kijivu yaliyokuja yakinuka kama viatu vya ulimwengu mzima. Sindano aliziba pua kwa bega. Alikuwa anacheka hadi chupa inatikisika.

Maabarani walifanya kazi kwa uangalifu wa kupita kiasi. Mashine ikazunguka. Chujio likaziba mara mbili kwa uchafu, wakabadilisha. Kipa mwenyewe ndiye aliyemimina jeli, polepole, bila povu hata moja, mkono ule mpana ukiwa umetulia kama meza. Wakazifungia sahani kwenye kabati la joto. Sindano akasema wakubaliane kutokuja asubuhi sana ili bakteria waote vizuri. Asubuhi sana walikutana mlangoni, kila mmoja akijifanya amepita tu.

Kipa alitoa sahani ya kwanza, akaiinua kwenye dirisha.

Utando ulikuwepo, mzima, mweupe kama maziwa. Na ndani yake, kama mtu aliyechomachoma karatasi kwa ncha ya pini, kulikuwa na matundu. Madogo, ya duara, yenye kingo safi, na mwanga wa jua ukipita katika kila moja.

Hakupiga kelele safari hii. Alimpa Sindano sahani, akaegemea ukuta. Sindano aliitazama, akahesabu kwa midomo, akaacha kuhesabu.

"Usiseme kitu," akanong'ona. "Tuipime kwanza."

Wakagusa tundu moja kwa ncha ya kijiti kilichochemshwa, wakakikoroga kwenye maji, wakapunguza, wakamimina upya. Siku iliyofuata matundu yalikuwa mengi kuliko yaliyotangulia. Wakarudia kutoka tundu moja la sahani hiyo, na yakawa mengi tena. Sumu haizai. Hiki kilikuwa kinazaa. Ndipo wakaipeleka sahani kwa Chemsha, wakaiweka mbele yake, wakarudi nyuma kama watoto waliovunja sahani ya wageni.

Chemsha aliiangalia kwa miwani, akaiangalia bila miwani. Akauliza walirudia mara ngapi. Akauliza walichemsha nini na nini. Kisha mzee yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa wakati wa kazi akavuta kigoda akakaa.

"Nina miaka mingi hapa," akasema, "na binamu huyu nimekuwa nikimtoa kila mwaka. Nyinyi ndio wa kwanza kumpatia mlaji."

Hapo ndipo Kipa alipopiga kelele. Walimsikia mpaka kwenye jengo la utawala.

Chemsha alikuwa na rafiki kwenye taasisi yenye hadubini ya elektroni, ile inayoona hata kirusi, na akamtumia tone. Picha iliporudi darasa lilijazana juu ya meza mpaka mhadhiri mwenyewe akakosa nafasi. Kilikuwa na kichwa chenye pembe kama kito kilichochongwa, na mkia mrefu, mwembamba, uliopinda kidogo. Kipa aliitazama picha ile kama baba anayetafuta kwenye uso wa mtoto pua ni ya nani. Hakuna aliyewahi kukiona kabla yao. Kilikuwa kimeishi kwenye mfereji ule siku zote ambazo yeye alikuwa akijimwagia maji hatua mbili kutoka hapo.

Aliomba ruhusa dada yake aje aone. Dada mtu akaja amevaa vizuri kama anakwenda harusini, akainamia sahani yenye matundu, akainamia picha, akaomba aelezwe taratibu. Kipa akamweleza. Aliposikia kwamba kitu hiki kinaingia kwa mwenyeji, kinatumia kila kilicho chake, kinazaa humo humo kisha kinampasua na kuhamia kwa mwingine, aliinua kichwa.

"Na jina hakijapewa?"

"Bado."

"Basi kipe la shemeji yako wa zamani."

Chemsha alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Lakini jina walilolichagua, baada ya ubishi wa wiki nzima na Sindano, lilikuwa Jasho, na kocha alipopelekewa habari alilibandika kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo kwa herufi kubwa, kana kwamba timu imechukua kombe.

Kipa hakuridhika kuishia kwa binamu mpole. Alimwandama Chemsha mpaka mzee akakubali kukijaribu Jasho juu ya ndugu wakali, wale wa hospitali, katika chumba chenye milango miwili ambamo wanafunzi hawaingii. Kipa na Sindano walisimama nje ya kioo siku ya kusoma matokeo. Chemsha aliinua sahani moja moja. Akatikisa kichwa. Akatikisa tena. Bakteria wakali hawakujali, wengi wao walikuwa wameota kama hakuna kilichotokea. Kwenye sahani karibu na mwisho alisita, akaisogeza kwenye taa, akaigeuzia kioo ili waione. Yalikuwa matundu hafifu, yenye ukungu katikati, kama pumzi ya mtu kwenye dirisha. Lakini yalikuwa matundu.

Alipotoka aliwaonya kabla hawajafungua mdomo. Hii si dawa. Kutoka sahani hadi goti la mgonjwa ni safari ya miaka na ya watu wengi, na wengi huishia njiani. Kipa akaitika ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, na uso wake ulikuwa unawaka kiasi kwamba mzee akaacha kuonya, akamwuliza tu kama anajua kozi ya shahada inafungua maombi lini.

Alikuwa anajua. Aliomba, akapata, na Sindano akapata pia. Wanatafuta sasa jamaa za Jasho, wale watakaowala ndugu wakali vizuri zaidi, na katika mji huo hakuna mfereji wa maji ya watu ambao hawajauinamia. Wameshafukuzwa kwenye bwawa la kuogelea. Juzi walikuwa nyuma ya duka kubwa la dobi karibu na stendi, ambako mashuka ya hospitali hufuliwa, na dobi, baada ya kuwasikiliza kwa mashaka, aliwaonyesha mahali maji yanapotokea kabla hayajachanganyika na dawa. Shimo lilikuwa la kina. Sindano alikuwa mfupi, hakufika. Kipa akalala kifudifudi kwenye saruji, goti lake gumu limenyooka nyuma yake, akaupeleka mkono wote chini hadi begani, na chupa ikaanza kujaa.

"Umepata?" Sindano akauliza.

"Nishike miguu," akasema Kipa. "Kuna mazuri zaidi kule chini."